Maji Yaliyokula Chumvi

Etelka haamini kimiminika chochote kinachonuka petroli.
Jikoni kwake, nyuma ya kituo cha treni cha Debrecen,
dari bado ina doa jeusi lenye umbo la figo:
hapo ndipo baiskeli ya umeme ya Gellért ilipowaka usiku,
betri ikitema cheche kama karai la mafuta,
na kitu cha kwanza alichoshika kilikuwa ndoo.

"Yalizima," ananiambia akivaa glavu.
"Polepole. Lakini yalizima."
Kwa hiyo yuko hapa, mwaka wa tisa sasa,
akiyabembeleza maji yaingie ndani ya betri yenyewe.

Maji hayawaki. Hiyo ni sifa.
Ila maji yana moyo mwepesi:
ukiyasukuma kupita volti moja na robo
yanavunja ndoa.
Haidrojeni inatokea kwenye hasi,
oksijeni kwenye chanya, kila mmoja na mzigo wake,
na asubuhi tunaukuta mfuko wa seli umefura
kama mto wa kulalia, haukai tena bapa mezani.
Nimehesabu mia moja na kumi na mbili.
Kila mmoja nimeuandikia tarehe ya kifo.

Maji yakizidi unga, watu hushika kichwa.
Sisi tukazidisha unga.
Gramu sita za chumvi ya lithi kwa gramu moja ya maji,
na Etelka anakoroga, anakoroga,
chumvi inakataa, inanuna chini ya bilauri,
halafu ghafla inakubali
na mchanganyiko unateremka ukutani mwa kioo
kizito, bila haraka, kama asali changa.

Molekuli mbili na nusu kwa kila ioni, anasema.
Hiyo nusu inakaaje? namuuliza.
"Inakaa tu.
Mimi nakaa tangu Gellért aondoke."

Maji yaliyobanwa hivyo hayana mguu wa kuzurura.
Yamekula chumvi nyingi kupita umri wao,
hayashtuki ovyo.
Na kule kwenye hasi chumvi yenyewe inajivunja kidogo,
inajitandaza iwe utando, ngozi ya juu ya kidonda,
ili maji yasiguse yanapotamani kugusa.
Volti mbili.
Mbili na nusu.
Nimezuia pumzi. Mstari kwenye skrini
umelala kama tambarare ya huko nje, hauna kilima.

Januari mfumo wa joto ukafa siku ya Jumapili.
Jumatatu saa kumi na mbili alfajiri, digrii nane maabara,
na ndani ya chupa chumvi imerudi:
sindano nyeupe, zimesimama, zimegoma,
mapatano yote yamevunjwa usiku mmoja.
Zsombor akasema kwenye simu, mwageni, anzeni upya.
Etelka akaitia chupa ndani ya sweta, kwapani,
akakaa kwenye kiti kirefu, akala mkate wake wa mbegu za mpopi
na kulalamikia bei ya meno bandia
dakika arobaini.
Alipoitoa ilikuwa angavu.
Daftarini, kwenye safu ya chanzo cha joto,
niliandika: kwapa.
Zsombor aliikata kwa kalamu nyekundu. Nikaiandika tena.

Seli ya mia moja na kumi na tatu ilitoka katika chupa hiyo.
Imechajiwa mara mia tatu na sita.
Si nyingi; baiskeli hudai maelfu,
na chumvi hii kwa uzito ni ghali kuliko divai ya arusi.
Kila asubuhi Etelka, kabla ya kuvua koti,
anaugonga mfuko kwa ukucha:
"Bado bapa."

Leo nimemtangulia.
Kwenye kona ya kushoto kuna kiputo,
kimoja, hakizidi punje ya dengu.
Nilingoja amalize kahawa ndipo nimwonyeshe.
Aliinama, akakipima kwa rula,
akakiangalia muda mrefu kama mtu anayesoma jina
kwenye bahasha ya zamani.

"Lete mizani," akasema.